Kave ya Maman Victorine

Mtaani kote, Maman Victorine ndiye wa kwanza aliyewafungulia mlango. Majirani wengine walikuwa wamewaambia Tatiana Mwamba na mwenzake Constant warudi siku nyingine. Yeye alisoma jina lililoshonwa kwenye koti la Tatiana, akauliza, "Mwamba wa wapi?"

"Wa Likasi, maman."

"Miye wa Uvira. Ingia, mutoto. Na ule muzungu aingie, inje kuko baridi."

Tatiana alikuwa mtaalamu wa udongo. Mtaa ule wa Laeken, jijini Brussels, karibu na mfereji, ulisimama mahali palipokuwa na kiwanda cha kuchoma makaa ya mawe ili kupata gesi ya taa za jiji. Kiwanda kilibomolewa zamani sana. Lami iliyobaki ilifukiwa papo hapo, nyumba zikajengwa juu yake, na watu wakasahau. Sasa ilitakiwa ijulikane ni nini bado kipo chini, na kama kinawafikia wakazi.

"Tunaomba kutoboa kidogo kwa jardin, maman, na kidogo kwa kave, chini ya nyumba," alisema Tatiana.

Uso wa maman ulibadilika. "Jardin, sawa. Kwa kave hapana. Kule kuko muntu."

Constant aliuliza kwa Kifaransa amesema nini. Tatiana alimjibu kwamba waanze na bustani.

Mtambo ulitoa udongo mweusi, kisha vipande vya matofali, kisha udongo wa buluu kali kama kitenge kipya. Chini zaidi kilitoka kitu kizito, kinachong'aa, chenye uvundo uliomfanya Constant ageuze uso. Maman Victorine alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mkono mdomoni.

"Hiyo harufu," alisema polepole. "Mumeitoa wapi?"

Hakungoja jibu. Alimshika Tatiana mkono, akateremka naye ngazi za kave, wao wawili tu.

Chini palikuwa na viti viwili vilivyotazamana na meza ndogo katikati. Juu ya meza kulikuwa na termosi, vikombe viwili, na picha ya mwanamume aliyevaa fulana ya rangi ya chungwa ya watengeneza barabara. Alikuwa Tharcisse, mume wake. Uvira alikuwa mwalimu. Brussels alimwaga lami barabarani mpaka mapafu yakamshinda. Alipokwisha kuzikwa, mkewe alizifua nguo zake zote, akazirudia tena na tena, kisha akajuta, kwa maana harufu yake ya lami ilikuwa imetoka nyumbani kabisa. Halafu siku moja ya vuli ya huku, wakati majani yanaanguka, alishuka kuchukua viazi, akaikuta harufu ile inamngoja.

"Anakuyaka mbele ya mvula," alisema, akikaa kwenye kiti chake. "Minaleta chai. Miye njo minaongea, yeye anasikiliza. Alikuwa vile hata zamani. Kichwa kikianza kuniluma, minajua amefika."

Kipimo cha mvuke mkononi mwa Tatiana kilikuwa kimeanza kupanda. Alikizima sauti kwa kidole gumba kabla hakijalia. Alipogeuka kurudi kwenye ngazi, alijikuta anapita pembeni ya kile kiti kitupu, akisema kwa sauti ndogo, "Pardon, papa."

Walipofika jikoni alifungua dirisha, akamweleza. Mvua inapokaribia, hewa ya juu huwa nyepesi, na ardhi hupumua. Mvuke wa lami ya kale hupanda katika nyufa za sakafu. Ni sumu.

"Donc bwana yangu ni sumu."

"Sisemi vile, maman. Minasema kile unavuta kule chini kinaweza kukuua."

"Na yeye je? Lami njo ilimuua. Alors, ni ile ile."

Tatiana alimpigia simu Kelly, binti wa maman, aliyeishi Berchem na kufanya kazi ya kutunza wazee. Kelly alikuja, akabembeleza, akakasirika, akalia. Mama yake aliahidi kwamba hatashuka tena mpaka sakafu itengenezwe.

Wiki ile mvua ilikuja. Kelly alipopita baada ya kazi, alimkuta mama yake amelala sakafuni kwenye kave, kati ya viti viwili, chai imemwagika. Alikuwa hai. Mlango wa kave, ule mzito ambao maman aliufunga kila mara nyuma yake ili harufu isitoroke, ulikuwa wazi wote, na hewa ya jikoni ilikuwa inashuka.

Tatiana alikwenda kumwona hospitalini. Alimkuta ameegemea mito, macho yako dirishani.

"Kelly anasema nilisahau kufunga mulango," alisema maman. "Sikusahau. Niliufunga miye mwenyewe."

Tatiana alivuta kiti karibu.

"Tangu afe, sikusikia sauti yake hata mara moja. Ile siku niliisikia. Aliniambia, 'Victorine, panda juu.' Miye nikakataa. Akasema tena, kwa nguvu, vile alikuwa anaongeleshaka watoto wa masomo. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa." Alimgeukia Tatiana. "Kama yeye mwenyewe ananifukuza, nitabakia kule kufanya nini?"

Alipotoka hospitalini alihamia kwa Kelly. Sakafu ya kave ilivunjwa, udongo mweusi na wa buluu ukachimbwa na kubebwa na malori yaliyofunikwa, mchanga safi ukamwagwa, zege likawekwa juu. Tatiana alirudi kupima kwa mara ya mwisho. Ilikuwa mchana wa mawingu. Kipimo kilibaki kwenye sifuri kila pembe.

Hapo katikati ya chumba kitupu, harufu ilimjia. Haikuwa ile ya zamani, ya makaa. Hii ilikuwa lami ya moto, ya barabara mpya wakati wa jua kali. Alitazama kipimo: sifuri. Alimwita Constant. Constant alishuka, akavuta hewa, akatikisa kichwa. Hakunusa kitu.

Walipopanda, gari la Kelly lilikuwa nje. Maman Victorine alikuwa amekuja kuchukua sufuria zake, lakini hakuvuka kizingiti.

"Kule chini kunanuka?" aliuliza.

"Machine inasema hapana, maman."

"Sikuuliza machine."

Tatiana alimtazama Kelly, kisha mama yake. "Kunanuka lami ya moto."

Maman alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa salamu. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. "Bon. Abakie na nyumba yake. Miye amenituma kwa batoto."

Aliingia garini, akafunga mlango taratibu, wakaondoka kuelekea Berchem.

Katika ripoti Tatiana aliandika kwamba hewa ya kave ni safi, na kipimo kilisema hivyo kweli. Lakini taa yao ya kazi ilikuwa imesahauliwa chini, na yeye hakushuka tena; alimwomba Constant aifuate.