Sifuri ya Akello

Majibu yote ishirini ya Akello yalikuwa sahihi, na juu yake Mwalimu Weldon akachora sifuri kwa wino mwekundu. Aliikoleza mpaka karatasi ikatoboka. Milinganyo ile aliitunga mwenyewe. Hakuna mwanafunzi wa gredi ya saba aliyetarajiwa kuipata yote, sembuse kuipata bila kuonyesha hatua hata moja. Tena Nelvine, aliyeketi dawati moja na Akello, alikuwa na majibu yaleyale, pamoja na hatua mbili tatu zilizopangwa kwa mwandiko nadhifu.

“Umenakili,” Mwalimu alimwambia Akello mbele ya darasa.

“Sijanakili, Mwalimu.”

“Hatua ziko wapi?”

“Nilizifanya kichwani.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, kisha akamhamishia Akello dawati la nyuma, peke yake.

Babake Nelvine, Bwana Kipkirui, alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Weldon alikuwa mwalimu wa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa umebakiza wiki mbili. Hakuyawaza hayo aliposahihisha, hakuhitaji kuyawaza. Kuna mambo ambayo mkono huyajua kabla ya kichwa.

Siku iliyofuata alimwita Nelvine ubaoni awaonyeshe wenzake njia. Msichana akashika chaki, akanakili swali, akasimama. Kisha shingo yake ikageuka polepole, macho yakaenda moja kwa moja kwa Akello, kama ng’ombe ajuaye njia ya mtoni.

Weldon alielewa. Alihitaji kusema sentensi moja tu.

“Keti, Nelvine,” alisema. “Muda umekwisha.”

Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika ishirini.

Akello hakuja shuleni Alhamisi, wala Ijumaa. Jumamosi asubuhi Weldon alimkuta katika shamba la chai nyuma ya soko la Kiptere, ambako mamake, Dorcus, alikuwa akichuma kwa kibarua. Ukungu haukuwa umeinuka bado, na mama na binti walikuwa wamelowa hadi kiunoni.

“Karibu, Mwalimu,” alisema Dorcus bila kuacha kuchuma.

“Nimekuja kumwomba arudi. Akello, hebu niambie, uliyapataje yale majibu?”

Msichana alijibu akiyatazama majani. “Ni kama tunapopima chai. Vikapu vinne vilivyo sawa vimemwagwa katika gunia lenye uzito wa kilo moja, mizani inasoma ishirini na tisa. Unatoa gunia kwanza. Zinabaki ishirini na nane. Ukigawa kwa vikapu vinne, kila kimoja ni saba. Eksi ni kikapu tu, Mwalimu.”

Katika miaka yake mitano ya kufundisha, Weldon hakuwahi kuusikia mlinganyo ukielezwa vizuri hivyo.

“Sikunakili,” aliongeza Akello.

“Najua.”

Mikono ya Dorcus ikasimama. “Umejua tangu lini?”

Weldon aliangalia viatu vyake vilivyojaa tope.

“Utawaambia darasani?” Akello aliuliza.

“Nitakubadilishia alama. Kimyakimya. Hali yangu pale shuleni, Mama Akello, nadhani unaielewa.”

“Naielewa,” alisema Dorcus. “Hata sisi tuna hali.” Akarudi kwenye majani yake, na binti yake akamfuata, na hakuna aliyemwambia mgeni kwaheri.

Wiki iliyofuata Akello alipelekwa kwa nyanya yake huko Nyakach. Mkataba wa Weldon uliongezwa, sahihi ya Bwana Kipkirui ikiwa chini yake.

Muhula wa pili afisa wa elimu alikuja kukagua masomo. Weldon alifundisha milinganyo kwa njia ya kitabu, na nyuso arobaini zikabaki zimefungwa kama milango ya duka siku ya Jumapili. Ndipo akachora gunia. Akachora vikapu vinne. Akawaambia watoe gunia kwanza. Nyuso zikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine. Hata Nelvine alitabasamu, kwa kuwa safari hii alikuwa ameelewa kweli.

Kipindi kilipokwisha afisa alimshika Weldon mkono. “Miaka yote niliyokuwa kazini sijaona mfano kama ule. Umeutoa wapi, Mwalimu?”

Wanafunzi walikuwa wamekwisha kutoka. Hakukuwa na mtu wa kumsikia ila afisa yule, naye alikuwa mama mpole.

“Niliubuni,” alisema Weldon.

Afisa akafungua daftari. “Nitauandika, na shule nyingine zifaidike. Nipe jina lako kamili.”

Weldon akamtajia, herufi kwa herufi, na hakukosea hata moja.