Muulize Mwenyewe

Marijani alikuwa akinadi mitumba Mbagala, na sauti yake iliwafikia hata waliokuwa ng'ambo ya barabara. Sasa hakuweza kuomba maji. Ugonjwa wa neva ulianzia vidoleni, ukashuka miguuni, mwisho ukamla ulimi. Akili haukuigusa, ila watu walilisahau hilo. Waliokuja kumjulia hali walisimama mlangoni wakamuuliza mkewe, Somoe, "Amekula? Analala?" kama mtu anayeuliza habari za kichanga. Somoe akaanza kuufunga mlango.

"Utapona, baba Najma," alimwambia kila asubuhi.

Jumanne moja akaja Kokushubila, muuguzi wa tiba shufaa, wale wanaowafuata nyumbani wagonjwa wasio na dawa ya kuwaponya. Somoe akaanza kueleza.

"Samahani dada, nimuulize mwenyewe." Akavuta kigoda, uso wake ukalingana na wa mgonjwa. "Shikamoo mzee. Ukitaka kusema ndiyo, tazama juu; ukitaka kusema hapana, fumba macho. Sina haraka."

Kweli akasubiri. Kwa miezi saba hakuna aliyemsubiri Marijani.

"Tuzungumzie ugonjwa wako?"

Juu.

"Unajua kwamba hautapona?"

Juu, bila kusita. Somoe akajiziba mdomo kwa kanga.

"Kuna jambo linakusumbua?"

Juu.

"Maumivu?"

Akafumba. Basi Kokushubila akawa anamtajia herufi moja moja, naye akatazama juu ilipofika anayoitaka. M. L. A. Jasho lilimtoka. Ilipofika N, Somoe akadakia, "Mlango! Unakupigia kelele?"

Akafumba.

"Uwe wazi?"

Macho yakapanda, yakakaa hukohuko.

"Mie nilidhani nakusitiri," Somoe akasema, akaangua kilio.

Tangu siku hiyo mlango haukufungwa mchana. Wageni hawakuongezeka. Jabiri, aliyenadi naye miaka kumi na minne, alikuja, akakaa kidogo, akaaga, asirudi tena. Watoto wa jirani walichungulia wakakimbia. Marijani aliwaona wote.

Jioni walibaki wawili. Somoe alijifunza kusubiri.

"Unaogopa?" alimuuliza siku moja.

Juu.

"Hata mie."

Hakumwambia tena kwamba atapona. Alimshika mkono usioweza kumshika hadi adhana ya magharibi. Marijani alifariki mwezi wa Shaabani, saa nne asubuhi, Somoe akimhadithia nani anapita nje.