Mgeni wa Mama Batula

Miaka nenda miaka rudi Profesa Mahat alichunguza jinsi ubongo unavyokumbuka, na muda wote huo alifika kwao Tarbaj mara za kuhesabika. Kila likizo ilikuwa na lake: mitihani ya kusahihisha, mkutano wa ng'ambo, makala iliyorudishwa na wahariri, au mgomo wa wanafunzi uliofunga chuo na kumwachia viporo vya kazi. Uprofesa aliupata mwaka wa tisini na tano, pamoja na shinikizo la damu. Sasa chuo kimoja cha Uingereza kilimwita akaongoze maabara, naye akaona si vyema kupanda ndege bila dua ya mama. Kuchoka alikuwa amechoka, ila dua hiyo aliitaka kweli.

Dada yake, Weris, alimpokea mlangoni bila tabasamu.

"Walaal, ndugu yangu, mama hakumbuki watu tena. Nilikupelekea habari kwa kila dereva wa lori."

"Nilidhani ni uzee tu."

Naam, mganga hajigangi.

Mama Batula alikuwa ameketi mkekani, tasbihi mkononi. Alimkaribisha kwa adabu zote, akaagiza mgeni aletewe maziwa ya ngamia, kisha akamwuliza swali ambalo kule haliepukiki: wewe ni wa nani?

Hapo Mahat akapata moyo. Mtoto wa Kisomali hufunzwa nasaba yake hata kabla hajajua kuchunga mbuzi, na kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba yaliyoingia kichwani mapema hutoka mwisho. Akaanza: Mahat wa Alio, wa Diriye, wa Shirwa, wa Abdijabar. Akapanda babu baada ya babu, hakukwama mahali, na midomo ya mama ikawa inamfuata.

"Maashallah," Batula alisema. "Hao ni watu wa mume wangu. Karibu sana, mgeni."

Katika msururu ule wa wanaume jina la mama halimo, wala halijapata kuwamo. Mahat alikuwa amemsomea ukoo uliomuoa, basi.

"Na mama yako," Batula akauliza, "yu hai?"

"Yu hai."

"Ana mwana mwingine wa kiume?"

"Hana. Ni mimi tu."

Kikongwe akakunja uso. "Basi maliza maziwa uende kwake. Mbona unakaa kwa watu, na mama yako anakungoja?"

Mahat akayanywa polepole. Alikuwa amechoka, na hakuwa na pengine pa kwenda.