Picha ya Mkate

Mimi Batoul, ambaye hata jina langu sijui kuliandika, nimeifunza simu adabu. Msicheke. Hapa mtaani kwetu Fez kila mtu anajua.

Mke wa mwanangu, Siham, alimnunulia Ghita, mjukuu wangu wa miaka tisa, simu yenye programu ya kumfuatilia. Mtoto akitoka, kwenye simu ya mama yake kunatembea kidoti chekundu. Siham alikuwa hali chakula kwa kukodolea kidoti. Nikamwambia, "Mwanangu, utapofuka." Akasema, "Afadhali nipofuke kuliko nimpoteze."

Alhamisi moja Ghita alibeba kichwani ubao wa mkate usiookwa bado, kuupeleka kwenye tanuri ya Mzee Jilali anayeuokea mtaa mzima, kama nilivyoubeba mimi na mama yangu kabla yangu. Muda wa kurudi ukapita. Kidoti kikaruka, kikatua makaburini, nje ya lango la mji! Vichochoro vyetu ni vyembamba na kuta zake ndefu, simu inachanganyikiwa humo. Lakini nani atamwambia hivyo mama aliyepagawa? Siham alitoka mbio na ndara za ndani, analia njia nzima.

Mimi nilikwenda kwa Jilali.

"Ghita yuko wapi?"

"Subiri, Lalla Batoul." Lalla kwetu ni kama kusema Bi. Akageukia rafu ya mikate. Jilali, kama mimi, hajui kusoma, ila mkate wa kila nyumba anaujua kwa alama yake. "Wenu huu hapa, wa vidole viwili, bado wa moto. Hajauchukua." Akatazama tena. "Lakini wa jirani yenu Tamou haupo, ule wa matundu ya uma. Na Tamou goti limemkaza tangu wiki jana, hatoki. Sasa nani kaubeba?"

Nikaelewa papo hapo. Nilimkuta Ghita kwa Tamou, anakula mkate na mafuta ya zeituni, miguu inaning'inia kitini. "Bibi, nimemsaidia tu," akasema. Nilitaka kumchapa, nikambusu.

Siham aliporudi, alimkumbatia mtoto mpaka akakohoa. Kisha akatamka, "Basi! Hatoki tena peke yake. Mkate tutanunua dukani."

Ghita akaangua kilio. Na mimi, wallahi, nilihisi nimepigwa kofi. Mkate wa dukani nyumbani kwangu! Lakini kilichoniuma zaidi ni mtoto. Mtoto aliyekumbuka goti la jirani ndiye wa kufungiwa ndani?

Jioni Siham akawaandikia wenye programu kulalamika. Wakamjibu: tupe mapendekezo yako. Akaanza: king'ora kikali zaidi, kinasa sauti cha kumsikiliza mtoto popote alipo...

"Andika na langu," nikasema.

"Mama, hawa ni mainjinia."

"Na mimi ni nani, paka? Andika! Mkono mmoja haulei mwana. Simu yao inauliza mtoto yuko wapi. Sisi huku tunauliza nani kamwona. Jilali akimwona abonyeze, nasi tujue. Iwe picha, si maandishi, maana mimi na Jilali ni wale wale. Na hicho kinasa sauti kifute. Mtoto si mwizi."

Ghita akafuta kamasi. "Na mimi niwe na kitufe cha kusema nimechelewa lakini niko salama."

Siham alitutazama, akaandika yote. Kinasa sauti akakifuta.

Baada ya wiki tatu alikuja binti mmoja kutoka Casablanca, katumwa na wenye programu, akakaa tanurini kwa Jilali asubuhi nzima, anauliza, anaandika. Aliondoka na mikate minne na unga puani. Miezi miwili baadaye programu ikabadilika. Kila mlinzi wa mtoto anachagua picha yake; akimwona anaibonyeza, nayo inatokea kwenye simu ya Siham na yangu. Jilali alichagua mkate. Tamou alichagua kuku, msiniulize kwa nini.

Siku Ghita alipotoka tena peke yake, Siham alisimama mlangoni, viatu mguuni, simu mkononi, uso mweupe. Simu yangu ikalia. Mkate! "Kafika," nikasema. Tukangoja. Muda wa kurudi ukafika, ukapita. Kidoti kikaruka tena makaburini. Siham akashika kitasa cha mlango.

Simu zote mbili zikalia. Kitufe cha Ghita: nimechelewa, niko salama. Na chini yake, kuku.

Siham akacheka huku machozi yanamtoka. Akavua viatu, akavipanga ukutani, akaenda kubandika chai.

"Mama," akaita toka jikoni, "umewafunza mainjinia."

"Hao walikuwa wepesi," nikamjibu. "Kazi ilikuwa kumfunza Tamou kubonyeza."

Ghita aliingia kichwa juu, ubao haujatikisika, mkate wa vidole viwili ungali unafuka. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemega kipande cha kwanza, akampa.