Fimbo ya Magnesiamu

Niseme mapema, mtu asije akaniona mwehu: mimi ni mwalimu wa kemia. Nikisema fimbo ya magnesiamu haiwezi kuliwa ikaisha mara tatu ndani ya mwaka mmoja, sisemi kwa wivu. Nasema kwa jedwali la elementi.

Haya, na kwa wivu pia.

Mume wangu ni fundi bomba. Ndani ya tangi la kuchemshia maji hufungwa fimbo ya magnesiamu. Magnesiamu huachia elektroni zake upesi kuliko chuma, kwa hiyo inaliwa yenyewe kwanza na tangi linasalimika na kutu. Ikiisha, fundi anafunga nyingine. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya miezi. Sasa niambie, kwa nini baba watoto alikuwa haishi kubadilisha fimbo kwenye tangi lile lile, la mwanamke yule yule mwenye saluni?

"Imeisha tena," alisema Jumamosi hiyo asubuhi, akitia fimbo mpya kwenye mkoba wa vifaa.

"Imeisha, au mmeimaliza?"

"Mama watoto, usinianze."

Akaondoka, ndevu kanyoa. Fundi bomba ananyoa ndevu ili akaonwe na tangi?

Nikaingia kuoga. Maji ya moto yakatoka mekundu kama kawaida, nikayaacha yachuruzike mpaka yakapungua wekundu. Maji ya mtaa huu, unazoea tu. Huku najisugua, somo la jana likawa linanizunguka kichwani. Niliwaambia wanafunzi kwamba ukishuka kwenye kundi la metali, atomu inakuwa kubwa, elektroni ya nje inakaa mbali na kiini, basi inanyakuliwa kirahisi. Ndiyo maana potasiamu ni kali kuliko sodiamu. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Sasa mwalimu, kosa ni la kiini au la anayenyakua?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Mume wangu anatoka watoto hawajaamka, anarudi wameshalala. Mbali gani tena zaidi ya huko?

Nikajifuta, nikavaa, nikamfuata.

Saluni ilikuwa bado haijafunguliwa, lakini mlango ulirudishwa tu. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, na mengine siyarudii hapa. Nikasikia kicheko cha mwanamke huko nyuma. Nikausukuma mlango wa stoo kwa nguvu zangu zote.

Mume wangu alikuwa juu ya ngazi, jasho linamtiririka, anahangaika na spana. Mwenye saluni kaishika ngazi kwa mikono miwili, kilemba kichwani, ndala miguuni.

"Karibu, wifi! Kaka huyu nusura adondoke. Nimemwambia, ukinifia hapa mkeo atanitafuna mbichi."

"Nataka kuiona hiyo fimbo," nikasema.

Mume wangu akanitazama, akaelewa kilichonileta. Uso ukamshuka. Akafungua nati, akavuta. Kilichotoka kilikuwa waya mtupu, na magamba meupe machache yameung'ang'ania.

Hapo ndipo nikaona mifuko ya chumvi pembeni, na mashine inayoitumia kulainisha maji ili nywele za wateja zisikakamae. Maji ya namna hiyo, ya moto kutwa nzima, yanaitafuna magnesiamu bila huruma. Mwalimu wa kemia mzima! Aibu ilinishika, nikatamani ardhi inimeze.

"Mnisamehe," nikasema.

Mwenye saluni akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Wifi, ningekuwa na mume kama huyu, hata mimi ningekuja mbio. Simpigii hata simu, anakuja mwenyewe kukagua. Anasema tangi likisahauliwa, maji yanaanza kutoka mekundu."

"Mekundu?"

Nikamgeukia mume wangu. Akawa anatafuta kitu kwenye mkoba, kitu ambacho hakikuwemo.

Tulipofika nyumbani nikamwekea ngazi chini ya tangi letu, nikamwambia, "Panda." Nati ilikuwa imeganda kwa kutu, akaipigapiga hadi ikaachia. Fimbo haikuwepo. Hata waya ulikuwa umekatika.

"Mara ya mwisho lini?"

"Tulipohamia."

Tulipohamia, mtoto wetu wa kwanza alikuwa tumboni. Sasa ananipita kimo.

"Kwa watu natafuta riziki," alisema taratibu. "Hapa nilijua ni kwangu. Nikawa nasema kesho, kesho."

"Bora ningekufumania," nikamwambia, na machozi yakanitoka. "Ningempiga mtu kofi, yakaisha. Sasa nimpige nani? Nalionea wivu tangi la watu!"

Akaingiza kidole kwenye tundu, kikatoka kimejaa kutu. "Fimbo peke yake haitasaidia. Limeshaliwa ndani."

"Najua. Mimi ni mwalimu wa kemia."

Simu yake ikaita. Mteja. Nikautazama mkono wake ukienda mfukoni, nami nikaichukia simu ile kuliko nilivyowahi kumchukia mwanamke yeyote. Akaitoa, akaiangalia, akaizima. Kisha akaokota spana na kuanza kulegeza bomba la kwanza, tangi lote lishuke.

"Nishikie ngazi," alisema.

Nikaishika kwa mikono miwili.