Mnyanya wa Nje

Majani ya nyanya yalianza kujikunja upande wa mlango wa kitalu nyumba, kingo zikageuka njano, miche ikadumaa. Mke wa dereva alidhani ni kiu. Akaongeza maji, akaongeza mbolea, akachoka. Mumewe alikuwa safarini na lori. Nyanya zote aliwaachia yeye na mama mkwe.

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alipokuja hakuuma maneno. Alitikisa mche mmoja, vidudu vyeupe vikaruka kama majivu yaliyopulizwa.

"Inzi weupe hawa. Wanafyonza mmea mgonjwa, virusi wanavihamishia kwenye mzima. Dawa ya kuuponya hakuna, dada. Ng'oa yote. Na ule wa nje ya mlango uanze, ndiko ulikotoka ugonjwa."

Ule wa nje aliupanda marehemu baba mkwe, muda mfupi kabla hajalazwa. Ulikuwa umesinyaa, hauzai, lakini kila asubuhi mama mkwe aliumwagilia na kuusemesha.

Jioni mke wa dereva alikaa na sahani mapajani, hajaigusa.

"Mama, bibi shamba amesema..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Sikutaka kukuumi..."

"Kula. Umebaki macho tu."

Mke wa dereva akamega tonge. Hakuwa na nguvu za kubembeleza, wala za kugombana.

Asubuhi alimkuta mama mkwe amepiga magoti nje ya kitalu. Alikuwa ameuvika mnyanya mfuko mkubwa wa plastiki na kuufunga kwa kamba, inzi wasitoroke. Anavuta, shina linagoma.

"Mbishi kama mwenyewe," alisema, akacheka, kisha akavuta tena.

Mke wa dereva akainama, akashika shina chini ya mikono ya mama mkwe. Wakavuta pamoja hadi likakubali.

Halafu wakaingia ndani, mstari kwa mstari, migongo ikiwaka moto. Waling'oa hata miche yenye matunda mabichi. Wakachoma rundo lote, wakashona wavu wa kitalu ulipochanika, wakakiacha kitupu mpaka inzi wakaisha.

Miche mipya ilisimama vizuri. Michache ilijikunja, wakaing'oa bila kujadiliana. Mavuno hayakuwa ya kutangazia majirani, ila yalikuwepo.

Siku ya kuchuma dereva alipiga simu. Mama mkwe ndiye aliyepokea.

"Mkeo amelala."

"Mchana huu? Mwamshe basi, mama."

"Thubutu! Ukimtaka, njoo umsubiri hapa aamke."

Akakata simu, akaenda kufunga dirisha la chumba alimolala mkwewe, taratibu.