Shusha Mikono, Wifi

Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika; mtaa mzima ulimwita Mama Sawa. Jirani akija na zipu iliyokatika, sawa. Mke wa mwenye nyumba akitaka mapazia kesho asubuhi, sawa. Fundi cherehani hodari, lakini mdomo wake ulijua neno moja tu, na neno hilo lilimfunga kwenye kiti chake cha kazi kuliko kamba.

Jioni ile alikuwa akishona gauni la bintiye. Kesho binti anaagwa shuleni, tena ndiye atakayesoma hotuba ya wenzake. Mwaka jana aliahidiwa gauni la sikukuu. Kitambaa kikalala kabatini mpaka nondo wakala haki yao. Safari hii mama aliapa. Kilichobaki ni kubana kiuno na kukunja pindo.

"Hodi humu!" Wifi huyo, dada wa mumewe, wala hakungoja karibu. Akabwaga kitambaa chake juu ya gauni lenyewe. "Wifi yangu wa pekee, usiniangushe. Kesho nina harusi. Nishonee ule mshono wa mabega wazi."

"Wifi, kesho binti..."

"Aa, mtoto ana nguo tele! Mimi niaibike mbele za watu? Na kaka akisikia?" Akasimama katikati ya chumba, mikono juu, apimwe.

Sasa, kwa mafundi wa pale, kupima ndiko kupokea kazi. Tepu ikishagusa mwili wa mtu, hakuna kurudi nyuma, utakesha. Mama Sawa alilijua hilo. Lo, alilijua mno! Na mkono, mkono usio na adabu, ukapanda wenyewe kuichukua tepu shingoni.

Ndipo binti, aliyekuwa akichambua vifungo sakafuni, akasema bila hata kuinua uso: "Sawa, shangazi. Mimi nitavaa lile la zamani."

Sawa! Kwa sauti ileile, na kicheko kilekile kidogo cha kuomba radhi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Na mtoto wa Mama Sawa je? Uchungu ulimpanda mpaka machoni. Alimwona binti ana mvi, ameinama kwenye kiti hikihiki, nguo za watu zimemfika kidevuni.

Akaivua tepu shingoni, akaikalia.

"Hapana, wifi." Sauti ilimtetemeka.

"Hapana nini?"

"Sikupimi."

Wifi akacheka, akangoja. Alizoea kungoja kidogo tu. Kicheko kikaisha, mikono ingali hewani. "Nitamwambia kaka, leo hii!"

"Mwambie." Woga ulikuwa palepale, haujaenda popote. "Ila shusha mikono, wifi. Utachoka bure."

Akamrudishia kitambaa chake. Mlango ukabamizwa. Akaitoa tepu alipoikalia.

"Simama, mwanangu, nikupime kiuno."

Binti akasimama. Akainua mikono kidogo, kwa kusitasita.

"Juu zaidi," mama akasema.